Tupeane uzoefu: mliozunguka na vikundi vya sanaa (au mliolipa kiingilio), ile michezo ya kuchekesha yenye nyimbo mnaikumbuka?

Mzee wa Dufu:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliowahi kupanda jukwaani, kupiga ngoma nyuma ya pazia, au hata kuruka ukuta ili waone bure. Nimeuanzisha kwa sababu ya wimbo mmoja: beti mbili ninazo, wa tatu umenitoka kabisa.

Nilijiunga na kikundi mwaka 1987, Temeke. Kilikuwa kikundi kidogo, jina halina umuhimu. Wakubwa wa wakati huo walikuwa kikundi cha Muungano, cha Norbert Chenga, na kikundi cha Mandela, sisi tulikuwa tunaokota walikopita wao. Mpangilio wa onyesho ulikuwa uleule wa kila mtu: mnafungua na ngoma, sindimba au msewe, ije sarakasi, halafu kichekesho, halafu igizo refu, mwisho muziki. Vijana wa leo hawajui kwamba sarakasi ile ina ukoo. Serikali ilipeleka vijana China miaka ya sitini kujifunza, na vikundi vya taifa vilipovunjwa, ujuzi ukasambaa mitaani. Hata aliyetufundisha sisi kusimama juu ya viti sita alifundishwa na mtu aliyefundishwa na wale.

Turudi kwenye kichekesho. Kilikuwa kimoja tu tulichozunguka nacho miaka sita. Dakika ishirini, sehemu moja, watu wanne: mshenga, baba wa binti, shangazi (akichezwa na mwanamume) na binti ambaye hasemi neno hadi mwisho. Vifaa ni kigoda kimoja na khanga ya mama yangu iliyoning'inizwa kwenye kamba, ndiyo mlango. Muziki ni ngoma mbili, filimbi na gitaa kavu.

Kisa chenyewe: mshenga kaja kuposa, baba ni kiziwi. Au anajifanya, hilo ndilo fumbo. (Leo nisingemcheka kiziwi jukwaani, na tukiendelea mtaona kwamba anayechekwa ni mwingine.) Mshenga anaingia akiimba:

*Hodi hodi kwenye nyumba, mshenga nimewasili,*
*Nimetumwa na mchumba, nimebeba na kibali.*

Mzee anadakia, "Umekuja kukoga? Kisima kiko nyuma!" Maana kasikia "kukoga" badala ya "kuposa". Wanabishana weee, mpaka mshenga anafika kwenye jambo lenyewe: "Mzee, tuzungumze mahari."

"Bahari? Bahari iko Feri, panda basi la Kivukoni!"

Hapo ukumbi unaanguka. Sasa sikilizeni, maana ndiyo sababu ya uzi huu. Hatukuwa na karatasi hata moja. Kiongozi anatupa kisa, mengine mnayakuta hukohuko jukwaani. Kwa hiyo jibu la "bahari" lilibadilika kila kituo. Dodoma mzee alisema, "Bahari? Sisi hata maji ya kunywa tunabebesha punda!" Mwanza alikasirika: "Hapa hakuna bahari, kuna ziwa, na kama ni sangara nenda Kirumba!" Tukifika mji mpya, kazi ya kwanza ni kibali kwa afisa utamaduni. Ya pili ni kukaa kijiwe cha kahawa kusikiliza watu wa pale wanachekana kwa lipi. Saa kumi jioni kinapoanza, tayari tunalo.

Mwishoni mshenga ananong'ona kiasi cha mahari, sauti ambayo hata mimi niliye hatua mbili siisikii, na mzee anaruka kutoka kwenye kigoda: "Elfu tano?! Ongeza!" Tulianza na elfu tano. Shilingi ilikuwa imeshushwa 1986 na ikaendelea kuteremka, na sisi tukawa tunapandisha. Tulipoacha, mzee alikuwa anakataa laki. Ukiniambia ulikiona kwa mahari ya shilingi ngapi, nitakwambia mwaka.

Ubeti wa tatu ndio wa kufungia, wanne wote wanauimba. Nani anaukumbuka? Na khanga ya mama ilipotelea Tabora, mwenye habari pia aseme.

Mtoto wa Ngamiani:

Mkuu, nilikuwa darasa la nne Tanga. Sina hakika kama mlikuwa ninyi, lakini nilimwona mzee kiziwi uwanja wa shule. Kwetu alisema, "Bahari? Umeshuka Raskazoni hukuiona?" Nilikuwa juu ya mwembe na wenzangu watano.

Ninachokumbuka zaidi ni kitambi chake. Kilikuwa mto wa kulalia umefungwa kwa kamba ndani ya koti. Katikati ya ugomvi kamba ikakatika, mto ukadondoka chini. Kimya. Halafu yule shangazi akauokota, akaufunika kwa mtandio, akapiga kigelegele: "Mtoto wa kiume!" Akaanza kuubembeleza kwa wimbo na wapiga ngoma wakamfuata. Kesho yake shuleni tuliigiza sehemu hiyo peke yake. Posa hatukuikumbuka.

Tanga tuna watu wa hivyo bwana. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, naye alikuwa wa kwetu.

Mzee wa Dufu:

Ni sisi! Na kamba haikupangwa kukatika. Baada ya Tanga tukaifanya ikatike kila siku.

Kiherehere:

Hii chai. Mto udondoke halafu mtu awahi kusema mtoto wa kiume? Weka picha.

Binti wa Kwaya:

Kiherehere, ungekuwa na sisi ungejua wale watu walikuwa wepesi kiasi gani wa kudaka neno.

Mimi nilikuwa kikundi kingine, mcheza ngoma na mwitikiaji. Mama yangu alikaa miezi minne bila kunisemesha, kwake jukwaa na baa vilikuwa kitu kimoja. Na kweli tulicheza baa. Makubaliano yalikuwa hivi: mwenye ukumbi anachukua bia, sisi tunachukua mlango. Mvua ikinyesha, mlango hakuna. Siku nzuri, ukigawa kwa watu ishirini na tano, ukatoa dizeli, ukatoa nguo za kufua, unabaki na nauli na mboga.

Kisa changu: Morogoro, wiki ya pili ya ziara. Kiongozi wetu (simtaji, ana wajukuu) alisema anakwenda kutangulia Iringa kutafuta ukumbi. Akaondoka na fedha ya milango minane. Hakurudi. Gesti tunadaiwa usiku sita. Mwenye gesti, mama mmoja mnene mwenye huruma zake na ukali wake, akasema hatutoki, ila tunaweza kucheza hapo uani alipe mtu anayependa. Tukacheza vichekesho tu, maana ngoma alikuwa amezishika rehani! Tuliimba kwa makofi na ndoo. Siku tatu deni likaisha, na nauli tukapata. Nimewahi kucheza mbele ya viongozi wa nchi, lakini ule ua wa gesti sijauona mfano wake.

Mdau wa Ng'ambo:

Assalaam aleikum. Ninyi wa bara mnasema vichekesho utadhani vimezaliwa Temeke. Huku Unguja, wazee wetu walikuwa na natiki, michezo ya kuigiza ya kuchekesha. Jina lilikuja na Wahindi, mchezo tukaufanya wetu. Siti binti Saad na wenzake, ambao mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi sahani, huku mtaani Ng'ambo hawakuishia kuimba tu, na natiki ilikuwamo. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi watu walivyowaigiza wakubwa wa mji kwa mwendo tu, bila kutaja jina, na kila mtu akajua ni fulani. Kwa hiyo mzee wenu kiziwi ana babu yake huku.

Mwalimu wa Kisauni:

Nami nachangia kutoka Mombasa. Kwetu nyingi ya hizi zilipitia kwa runinga. Ukitaja Vitimbi, ukamtaja Mzee Ojwang na Mama Kayai, kila nyumba yenye televisheni ilikuwa imejaa watoto wa jirani. Lakini jukwaa la kweli nililijulia tamasha la drama la shule. Niliwaandalia wanafunzi kichekesho chenye nyimbo, tukashinda ngazi ya wilaya. Ngazi ya mkoa kijana aliyecheza mganga akapoteza sauti. Akacheza mganga bubu, na msaidizi wake akawa "anatafsiri" ishara, uongo mtupu, kila ishara bei inapanda. Tulishinda tena. Shida ni kwamba sauti iliporudi, yule msaidizi alikataa kabisa kurudi kwenye nafasi yake ya zamani!

Mwana Lubumbashi:

Jambo bandugu. Kule kwetu Lubumbashi ni Mufwankolo na kundi lake. Redio, televisheni, jukwaa, yote kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na bila kuandika. Wanazungumza kisa, wanajaribu mara chache, basi. Mwaka 1986 walicheza ile ya *Le pouvoir se mange entier*, yaani madaraka huliwa mazima, kuhusu uchifu, na profesa Johannes Fabian akaifuatilia tangu maneno ya kwanza hadi mwisho, akaandika kitabu. Mngepata mtu kama huyo Temeke, leo ndugu yetu hangetafuta ubeti.

Mzee wa Dufu:

Ndugu wa Lubumbashi umenichoma penyewe. Sisi hatukuandika kwa sababu tulidhani kesho tutacheza tena.

Mtu atauliza kiliishia wapi. Watu husema televisheni iliua, ilipoanza bara mwaka 1994. Mimi nasema tulikuwa tumeshaumwa kabla. Taarabu ya mipasho ndiyo ilitumaliza. TOT (Tanzania One Theatre), kikundi cha Kapteni Komba, ilipoanzishwa 1992 na kuanza kupimana nguvu na Muungano, watu walikuja kutunza waimbaji, si kumwona mzee kiziwi. Nasi tukanunua kinanda cha umeme. Kichekesho kikawa cha kujazia wakati fundi anafunga nyaya. Ukicheza huku spika inapiga "chek, chek, wan tuu", hakuna utani unaofika. Dakika ishirini zikawa kumi, zikawa tano. Mara ya mwisho shangazi hakutoka kabisa, alikuwa mlangoni anakata tiketi.

Kiherehere:

Nimemuuliza baba. Anasema alimwona mzee kiziwi Kigoma, mahari elfu ishirini. Nafuta kauli ya chai.

Mzee wa Dufu:

1990, msimu wa kiangazi. Tulishuka na treni kutoka Tabora.

Kimya Kimya:

Mimi husoma tu humu, leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Ubeti wenyewe ni huu:

*Sikio lake si bovu, limezibwa na ukata,*
*Mpe noti zenye nguvu, unyayo wa mbu hupata.*

Ulikuwa ukiimba sauti ya chini na unakosea "limezibwa" kila siku, unasema "limezimwa".

Mzee wa Dufu:

Shangazi?

Kimya Kimya:

Ndiye. Na khanga haikupotelea Tabora. Ilichanika tukiwa Kaliua, nikaifungia spika isipate vumbi, nikaogopa kukwambia.