Mjadala: Kununua kiwanja Dar, istikhara itangulie au upekuzi wa hati?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Mtu anapata kiwanja Chanika, anatoa malipo ya awali, ndipo anakuja kuuliza aswali vipi istikhara, ile sala ya Waislamu ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri. Hoja yangu: upekuzi kwanza, sala baadaye. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda kwa Msajili wa Hati. Utajua jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Kisichopimwa hakina hati ya kupekua, kwa hiyo mpeleke mpima, pita serikali ya mtaa, hoji majirani wa pande zote. Muuzaji mwenye ndoa, ridhaa ya mwenza wake iwe kwa maandishi. Utamwomba Mungu kuhusu kiwanja usichojua hata ni cha nani?

Mchangiaji, Kariakoo: Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Hadithi ya Jabir bin Abdillah, aliyoipokea Bukhari, inasema mtu *akikusudia* jambo, asali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha asome dua na alitaje jambo lake. Ni mwanzoni, wazo likiwa bado jepesi. Ukishamlipa mpima na wakili, ukamwonyesha mkeo jiko litakapokaa, moyo umeshahamia pale. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa hadithi na fiqhi, alionya kuhusu hilo: asiyeacha matakwa yake anayafuata matamanio, hamwachii Mwenyezi Mungu amchagulie.

Mleta mada: Nawawi huyo huyo anahimiza kushauriana na mtu mjuzi na mwaminifu kabla ya istikhara. Mpima si mshauri?

Mchangiaji, Kariakoo: Ni mshauri, naam. Basi mwite kabla hujatoa hata shilingi kwa muuzaji. Shida ni pesa iliyotangulia. Na watu wanangoja ndoto! Hadithi haikutaja ndoto. Dua inaomba: kama jambo hili ni heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nijaalie na unifanyie wepesi, kama ni shari, liepushe nami, unijaalie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Kwa hiyo upekuzi ukileta rehani, hilo ndilo kuepushwa. Usisali tena ukitafuta jibu jingine.

Mchangiaji, Mbagala: Kwetu Wakatoliki kosa kubwa ni kuweka alama: "Nikipigiwa simu kabla ya Ijumaa, basi ni Mungu." Anayepiga ni dalali! Saa nne usiku, "kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu." Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho, yaani moyo ukiwa na huzuni na wasiwasi, usibadili uamuzi uliofikia ukiwa na faraja. Hofu ya kuwahiwa haitofautiani sana na ukiwa huo. Sali novena, siku 9 kamili, na upekuzi ufanyike ndani ya siku hizo hizo. Muuzaji asiyeweza kungoja siku 9, mwulize kwa nini.

Mleta mada: Hapo umenigusa, mama. Sala na upekuzi viende pamoja, malipo yawe ya mwisho. Ila wanaolipia "kuombewa istikhara" je?

Mchangiaji, Kariakoo: Dua imo katika nafsi ya kwanza: *nakuomba unichagulie*. Mwenye haja aisome mwenyewe. Mwanamke aliye katika hedhi anasoma dua bila sala. Na anayetoza pesa akuangalizie kwa bao anapiga ramli. Qurani, sura ya 5 aya ya 3, imekataza kupiga bao kwa mishale.