Paka anakojoa nje ya beseni lake, tupeane uzoefu

Nyabo wa Kisaasi
Jamani habari za jioni. Nina paka jike wa miaka mitatu, tulimleta kwa sababu ya panya na kwa panya sina malalamiko, kazi aliimaliza. Shida ni mkojo. Tangu kama mwezi hivi beseni lake la choo hataki, anakojolea kochi, nguo nilizoanua kabla sijakunja, na juzi ndani ya kiatu cha mzee cha kuendea kanisani, mzee amekivaa haraka haraka akagundua akiwa tayari ameketi ndani ya taksi. Nimemchapa, nimemsukumia pua kwenye mkojo kama mama alivyokuwa anafanya, nimemwaga Jik, ile dawa ya madoa, wapi, anarudi palepale. Mzee anasema wiki ikiisha anamtia kwenye gunia anampeleka soko la Nakawa akaishi na wauza samaki. Watoto wamelia mpaka wamelala. Mliopitia haya mlifanyaje?

Ssebo Bweyogerere
Pole nyabo. Kwanza niulize, anachuchumaa au anasimama? Mimi nilichelewa kujua kwamba hivyo ni vitu viwili. Dume wangu alikuwa anarudi kinyumenyume mpaka kwenye pazia, mkia juu unatetemeka, nikafikiri ni furaha ya kuniona, kumbe ananyunyiza. Kidogo tu lakini harufu banange, mgeni anaingia anauliza kama tunafuga beberu. Ile si haja, ni kuweka alama, kuna dume la jirani lilikuwa linapita ukutani kila usiku na huyu wangu anamjibu. Nikampeleka akahasiwa. Usitegemee kesho yake ameacha, wangu alienda kama mwezi bado anajaribujaribu maana homoni haiishi siku moja, halafu ikakatika. Vet, yaani daktari wa mifugo, aliniambia kuna wachache hata ukiwahasi hawaachi, kama mmoja katika kumi kwa madume, na majike pia wananyunyiza ila ni nadra zaidi. Kama wako anachuchumaa anaacha dimbwi basi hii yangu haikuhusu.

Nyabo wa Kisaasi
Anachuchumaa. Dimbwi kabisa.

Mkaa Mukono
Wetu alihamia gunia la mkaa. Hatukujua mpaka jioni tumewasha sigiri tupike maharage, ule moshi, jirani akatoka na taulo kuuliza tunachoma nini. Dawa ilikuwa kufunga gunia, basi. Paka akiona kitu cha kufukua ameona choo, iwe mkaa, jivu au chungu cha maua.

Mteso Asilia
Mnasumbuka bure. Kwetu paka analala nje anakojoa nje, nani alimnunulia beseni?

Nyabo wa Kisaasi
Mteso, kwenu kuna uwanja. Mimi niko ghorofa ya tatu, nje yangu ni ngazi za watu.

Jinja Karibu na Daraja
Naomba wenye madume wasome hii polepole. Wangu naye alianza kukojoa ovyo, mara sakafuni bafuni, mara kwenye karai la vyombo, matone tu, na kila dakika anarudi kwenye mchanga anachuchumaa anakaa anatoka. Tukasema ana choo kigumu, shangazi akampa mafuta ya kupikia. Usiku akaanza kulia, si ule mlio wa kutaka jike, mlio mwingine kabisa, na anajilamba huko chini bila kupumzika. Asubuhi amelala chini ya kitanda, chakula hataki, ametapika. Nikamtia kwenye kikapu cha kuku, tukapanda boda mpaka kwa vet. Yule daktari alimgusa tumbo tu akanishika mkono akaniambia weka vidole hapa, nikahisi kitu kama chungwa, gumu. Kibofu. Njia imeziba. Akasema madume ndio wanapatwa hasa kwa sababu njia yao ni nyembamba, na mkojo ukifungwa sumu inarudi kwenye damu, siku moja mbili anaweza kufa. Akamchoma sindano ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, ule mkojo uliotoka ulikuwa na damu na kitu kama mchanga laini. Alilala kwa vet usiku tatu. Pesa iliyotoka ilikuwa ya ada ya mtoto, sitaficha, mke wangu hakuongea na mimi wiki nzima.
Siku hizi mukene mkavu, yaani dagaa, simpi hivi hivi, nauchemsha na maji mengi bila chumvi na anakunywa na ule mchuzi, maana vet alisisitiza maji maji maji. Na bakuli za maji nimeweka tatu. Kwa hiyo paka akibadilika ghafla mimi fimbo sishiki tena, kwanza naangalia kama mkojo unatoka.

Ssebo Bweyogerere
Aisee. Hii sikuijua. Paka yuko wapi sasa?

Jinja Karibu na Daraja
Amelala juu ya redio.

Binti Kibuli
Assalaam aleikum. Wetu ni wa bibi, ana miaka kumi na nne, na alichagua kukojolea mswala wa bibi, si mwingine, wa bibi. Paka mwenyewe si najisi hilo tunalijua, anapita hata mbele ya anayeswali, lakini mkojo wake ni najisi, kwa hiyo kila siku mswala uko kwenye kamba na bibi anaswali juu ya khanga huku ananung'unika. Kaka akamchunguza vizuri akaona anafika kwenye beseni, anasimama, anainua mguu mmoja, anaghairi. Magoti! Beseni lilikuwa refu na yeye mzee. Tukachukua jerikeni ya lita ishirini iliyotoboka, tukailaza, tukakata upande wa juu wote na mbele tukaacha ukingo wa vidole vitatu tu aingie bila kuruka, kingo tukazichoma na kisu cha moto zisimkate. Siku ile ile aliingia. Mswala sasa tunaukunja tunauweka kabatini, maana bibi hasahau.

Mbili Kansanga
Mimi nina paka wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga, muzigo tunavyoita, na beseni moja. Mkubwa alikuwa anakaa karibu na beseni kama askari wa geti, mdogo akitaka kuingia anamkodolea macho tu, hampigi wala nini, mdogo anaenda kukojoa chini ya meza ya TV. Nilisoma kwamba inatakiwa idadi ya paka uongeze moja, kwa hiyo wawili mabeseni matatu, nikacheka kwa sauti, chumba chenyewe nalala mguu uko mlangoni. Niliweka mawili, moja kona hii moja kona ile, ili askari asiweze kulinda yote. Imetosha.
Ila nachota kinyesi kila siku, asubuhi kabla ya chai. Dada yangu akija na mimba yake simruhusu kugusa lile beseni, kuna kimelea cha toxoplasma kwenye kinyesi cha paka, si kizuri kwa mtoto aliye tumboni. Kikitoka kinahitaji siku moja au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza, ndiyo maana nachota kila siku sisubiri Jumamosi.

Mfanyausafi Entebbe
Nafanya usafi hotelini nisemee hiyo Jik. Acheni kumwaga Jik juu ya mkojo, mkojo una amonia na vikikutana inatoka hewa inayochoma macho na kifua, nyumba ndogo madirisha yamefungwa utakohoa mpaka asubuhi. Nyonya kwanza na kitambaa, bonyeza usisugue, halafu maji baridi, halafu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikikauka nyunyiza baking soda ilale usiku kucha ufagie. Nguo fua na ile sabuni ya unga yenye enzaimu, soma pakiti. Kochi litoe mto ndani uone, usifue kitambaa ukaacha sponji, paka ananusa usichonusa wewe. Kuna siri moja, ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti feki, zima taa usiku umulike, mkojo wa zamani unang'aa. Mimi niliazima kwa dada wa mobile money nikaona sehemu nne ambazo sikuzijua, moja ukutani.

Binti Kibuli
Nyabo, hebu tuambie, mwezi uliopita ni nini kilibadilika hapo nyumbani? Paka hawaanzi tu.

Nyabo wa Kisaasi
Nimefikiri sana nikasema hakuna. Halafu kijana wa kazi akanikumbusha, mama si ndio tulipoacha mchanga? Kweli. Mchanga ulikuwa mzito kupandisha, tukaanza kuchukua vumbi la mbao kwa fundi wa milango hapo chini, bure. Yule fundi anapaka vanishi palepale na anafagia vyote pamoja. Nimeinusa sasa hivi vizuri, inawasha pua hata mimi.

Mbili Kansanga
Weka yote mawili. Beseni la mchanga na la vumbi la mbao pembeni, mwachie achague mwenyewe.

Jinja Karibu na Daraja
Na mkojo uangaliwe tu hata kama ni jike. Ukiona damu usingoje.

Nyabo wa Kisaasi
Siku ya tano leo. Damu hakuna, anakojoa vizuri. Mchanga ameingia kila siku, la vumbi la mbao hajaingia hata mara moja, jana amelipitia akatikisa mguu kama amekanyaga maji. Kochi tumelimulika na tochi, tukatoa sponji, siki imeisha. Mzee anasema gunia bado lipo lakini jana nimemkuta anamrushia kichwa cha samaki, ngege. Sasa shida yangu ni moja, boda anataka elfu tano kwa kila gunia la mchanga kulifikisha ghorofa ya tatu, na kijana wa kazi anasema mgongo wake unauma tangu asubuhi.