Vita vya kale kama kazi: historia, akiolojia au niende nje?

Mtoto_wa_Chamwino: Wakuu habari za jioni. Namaliza mwaka wa tatu historia hapa UDOM na kinachoninyima usingizi ni vita vya kale, Kadesh (Wamisri na Wahiti), Cannae (Hannibal na Warumi), Wakushi wa Sudan na Warumi. Nataka iwe kazi yangu. Nipo njia panda, masta ya historia hapahapa, akiolojia pale UDSM, au nipambanie skolashipu nikasome Kigiriki na Kilatini nje. Mnanishaurije?

Ntomoko77: Dogo nenda nje. Mwanahistoria wa kale Polybius kaandika kwa Kigiriki kwamba Cannae mwaka 216 KK walikufa Warumi kama 70,000, mwenzake Livy kwa Kilatini anasema kama 48,000, sasa we utaamuaje kama wote unawasoma kwa mdomo wa mfasiri?

Mwl_Kibaigwa: Lugha sawa, ila ugali je? Mi nafundisha sekondari mwaka wa 11 huu na sijawahi kuona tangazo la kazi linalotaka mtu wa vita vya kale tu. Mdogo wangu beba na cheti cha ualimu, hayo mengine utayafanya ukiwa na mshahara.

Binti_Kondoa: Akiolojia, tena bila kusita. Nimeisoma, nimeshinda juani wiki nzima na mwiko na chekeche nikapata vipande vitatu vya chungu na sijutii. Angalia Meroe, mji mkuu wa Wakushi, Sudan. Mwaka 1910 walifukua kichwa cha shaba cha Augustus, macho ya kioo bado yamo, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila anayeingia amkanyage mkubwa wa Rumi! Strabo, mwandishi Mgiriki wa enzi hizo, kaieleza vita ile ya malkia wa Kushi na Rumi lakini kwa upande wa Warumi, na maandishi ya Kimeroe yanatamkika ila maana yake kwa sehemu kubwa bado haijafunguka, kwahiyo Wakushi wenyewe utawasikia kwa jembe tu. Kigiriki anza taratibu jioni.

Mhehe_wa_Area_D: Mi naongezea, kabla ya Cannae panda basi uende Lugalo, Iringa, ambako watu wa Mkwawa waliwavamia Wajerumani Agosti 1891. Sio vita vya kale, ila tembea njia ile kwa miguu ujiulize watu wenye mikuki walijifichaje karibu na wenye bunduki na mizinga. Jicho hilo la kusoma ardhi ndo utaenda nalo popote.

Mtoto_wa_Chamwino: Asanteni sana wakuu. Mwalimu nimekuelewa, ualimu siuachi. Dada Kondoa umenimaliza na hicho kichwa, naomba nije PM unielekeze kujaza fomu. Iringa naenda Jumamosi.