"Unategemea tukulipe ngapi?" Mwajiri alazimishwe kuandika mshahara kwenye tangazo la kazi, ndiyo au hapana?

Dawati la Mishahara (mleta mada):

Wadau, poleni na tarehe hizi za katikati ya mwezi.

Tangazo la kazi la sekta binafsi linajaza ukurasa mzima: digrii, uzoefu wa miaka mitano, leseni ya udereva, uwe mtu wa kujituma bila kusimamiwa. Ukifika kwenye mshahara unakuta "mshahara mnono" au "maelewano". Sekretarieti ya Ajira ya serikali tunailalamikia kwa mengi, lakini tangazo lake linaandika ngazi ya mshahara. Ukiona TGS D unajua unaomba nini. Mimi nasema na mwajiri binafsi alazimishwe kisheria aandike namba. Sababu yangu sikuisoma mahali.

Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa mtaani miezi kumi na moja tangu nimalize chuo. Maswali ya uhasibu niliyajibu mpaka nikajishangaa. Mwishoni mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akafunga faili, akaniuliza, "Kijana, ukipata nafasi hii ungependa upokee kiasi gani?" Usiku kucha nilikuwa nimekariri VAT. Hilo sikulisoma. Nikafikiria nauli ya kutoka Gongo la Mboto, nikafikiria deni la Mangi wa dukani, nikasema laki saba. Wakatazamana. Nikajua nimezidisha, nikadakia haraka, "Lakini yanazungumzika." Wakanipa laki sita na nusu.

Miezi minne baadaye dada aliyekuwa akiandaa mishahara akaenda likizo ya uzazi, faili nikakabidhiwa mimi. Ndipo nikaona kwamba jamaa niliyerithi kiti chake, mwenye elimu ileile, alikuwa kwenye milioni moja na laki moja. Kumbe hawakutazamana kwa sababu nimezidisha.

Huu ni mwaka wa sita naandaa mishahara ya watu, sasa kwa mwajiri mwingine, na kila mwezi naona jambo lilelile: mtu anaota namba ya kwenye mkataba wakati nyumbani inaliwa namba ya mkononi. Vijana wengi nikiwauliza wanasema "nikipata milioni tu, nimetoboa". Haya, tuichukue hiyo milioni. Uko sekta binafsi na ulisoma kwa mkopo. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, imeondoka 100,000. Inayobaki, 900,000, ndiyo inayokatwa kodi, na kodi yake ni 103,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi unapokea 647,000. Hapo hujachangia harusi ya mtu. Ukitaka milioni nzima ikufikie mkononi, mkataba wako useme 1,725,000. Nimeipiga mara mbili, inatoka palepale.

Sasa mwenye bajeti anayajua haya yote, anamuuliza asiyejua lolote "unataka ngapi". Ni kucheza bao na mtu uliyemfunga kitambaa machoni, halafu kete zako unazihesabu kimyakimya.

Karibuni. Mnaunga mkono au mnapinga? Na wewe ukiulizwa, namba yako unaitoa wapi?

Afisa Ajira:

Mkuu, umetuanika. Niko upande huo unaousema, ngoja niwatetee wenzangu kidogo. Nikiandika namba kubwa kwenye tangazo, maombi 200 yanakuwa 2,000, na nusu yake ni watu walioona hela tu. Hilo dogo. Kubwa ni walio ndani. Mhasibu wangu wa miaka saba akiona mgeni anatangaziwa zaidi yake, kesho yake asubuhi kuna foleni mlangoni kwangu, na mimi sina bajeti ya kuwanyamazisha wote.

Tena swali lile si mtego siku zote. Nimewahi kumuuliza mtu kwenye nafasi ya 900,000, akaniambia milioni nne bila kupepesa. Bora tujuane mapema. Ushauri wa bure: ukiulizwa, usikimbilie namba. Uliza "nafasi hii imetengewa kiasi gani?" Wengi tutajibu. Hamuulizi tu.

Dawati la Mishahara:

Afisa, hiyo foleni mlangoni kwako ndiyo hoja yangu. Umekiri kwamba waliopo wanalipwa chini ya bei ya leo, na kinachowatuliza ni kutokujua. Na yule wa milioni nne, ungeandika 900,000 asingekuja kabisa. Ungeokoa hata soda ya usaili.

Ushauri wako ni mzuri kwa mwenye kazi tayari. Mimi siku ile na miezi yangu kumi na moja ya mtaani ningemuuliza nani bajeti? Niliogopa hata kuomba maji.

Mwalimu wa Kahama:

Nyie wa Dar mnadhani mshahara ukijulikana mambo yanakaa sawa. Wa kwetu unajulikana na kila mtu. Mwalimu wa digrii anaanzia ngazi ya TGTS D, mwenye duka anajua, mkwe anajua, mkopeshaji ndiyo usiseme, anajua hadi tarehe. Kujulikana hakujauongeza hata shilingi.

Mei Mosi ya 2022 pale Dodoma Rais Samia alituambia lile jambo letu, nyongeza ya mshahara, lipo. Baadaye ikatangazwa asilimia 23.3. Ofisi ya walimu ilikuwa na furaha kama siku ya matokeo mazuri, kila mtu anazidisha mshahara wake kwa 23.3, na wapo waliokopa kabla haijaingia. Julai ilipofika ndipo tukaelewa kwamba asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Sisi wa ngazi za juu kidogo tulipata ya kubadilisha mboga wiki moja. Ilipokuja ya Singida 2025, asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000, safari hii sikugusa kikokotozi. Nilisubiri nione kilichoingia.

Mnauliza namba yangu. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Mimi nimeishi kwenye hiyo theluthi miaka mitatu, mkopo wa benki wa kujengea, na juu yake kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ambayo haimo kwenye karatasi yoyote. Lengo langu ni kuiona karatasi ya mshahara wangu ikiwa na makato ya serikali peke yake. Mshahara ubaki huuhuu. Mke wangu ana mpunga, magunia yakikaa ghalani mpaka Februari yanatushinda sisi wenye chaki.

Boda wa Kituo:

Mimi siulizwi nataka ngapi, naambiwa hesabu ya mwenye pikipiki ni 10,000 kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta juu yangu. Siku nzuri nabaki na 15,000, nikipiga siku 26 ni 390,000, sina kodi ya mshahara, sina Bodi, sina bosi wa kunitazama na mwenzake. Huyo wa milioni moja anabaki na 647,000 baada ya miaka mitatu ya chuo? Ndugu zangu, tofauti yetu ni ndogo kuliko mlivyokuwa mnaturingia.

Dawati la Mishahara:

Boda, hesabu yako ya siku 26 zote nzuri, ndugu yangu? Na ukianguka, wiki mbili za nyumbani nani analipa? Ile 100,000 ya NSSF ya mwenzako haijapotea, na mwajiri anaongeza 100,000 nyingine juu. Lakini nakubali jambo moja: wewe namba yako unaijua kila jioni kabla hujalala. Waajiriwa wengi hawaijui mpaka benki itume ujumbe.

Mpwani:

Hapa Mombasa mambo ni yayo hayo, tena kuna mtego mwingine hamjautaja. Mwajiri anakuitisha payslip, karatasi ya mshahara, ya kazi ya zamani. Ukishaitoa, hiyo "matarajio" imekwisha, atakuongeza kidogo juu ya ile ya zamani na wewe ushukuru. Kwa hivyo aliyeanza kwa kupunjwa atapunjwa hadi azeeke. Na makato ndio hayo: kwa elfu hamsini zetu, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 ni 1,375, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 750, na bado NSSF na PAYE, kodi ya mshahara, hazijakugusa. Mimi naunga mkono mleta mada, lakini sheria hiyo ikataze na kuitisha payslip, la sivyo itakuwa kazi bure.

Dawati la Mishahara:

Hiyo ya Mpwani naichukua nzima nzima. Laki sita na nusu yangu ilinifuata mpaka kazi ya pili kwa njia hiyohiyo.

Mzee Mstaafu:

Vijana, mnaangalia jumla tu. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma miaka 34. Miaka ya mwisho nilikuwa na posho nyingi kuliko mshahara, nikajiona bwana mkubwa. Pensheni inakokotolewa kwenye mshahara wa msingi, posho hazimo. Nikitaja kikokotoo, ile kanuni ya kupigia mafao, hapa tutalala macho: 2018 mkupuo unaolipwa mara moja ukistaafu ukashushwa hadi asilimia 25, kelele zikapigwa, ukasitishwa mwaka uleule, 2022 ikaja 33, 2024 ikapandishwa 40. Kila mtu na mwaka wake wa bahati. Ukiulizwa unataka ngapi, taja mshahara wa msingi. Posho waachie wenyewe.

Na anayeota milioni 15 kwenye mashirika ya umma, akumbuke 2016 Rais Magufuli alisema hiyo ndiyo iwe juu kabisa, hata kwa waliokuwa wakichukua 40. Mwaka uliofuata akasema yeye mwenyewe anapokea 9.

Afisa Ajira:

Shikamoo mzee. Umenikumbusha kwamba kuna waajiri hugawa makusudi, msingi mdogo, posho kubwa. Hilo sitalitetea.

Mama Wawili:

Nimesoma kimya tangu juu. Wote mnaongea kama watu wanaoajiriwa tu. Humu ndani wengi wenu ni waajiri. Asubuhi mnaondoka nyumbani saa kumi na moja, mtoto mnamwachia nani?

Amri ya kima cha chini ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri 60,000 kwa mwezi. Asiyelala, 120,000. Hiyo ilikuwa namba iliyoandikwa wazi, mleta mada, namba mnayoipenda. Na bado kuna nyumba analipwa 40, nyingine hela inatumwa kijijini kwa mama yake na yeye haioni. Hana usaili, analetwa na basi la usiku kutoka Iringa au Singida, anaoneshwa jiko.

Swali langu ni fupi. Wewe mwenye dawati, dada wa kazi wa kwako ulimtangazia mshahara?

Dawati la Mishahara:

Dada, nimekaa na swali lako tangu jana jioni.

Sikumtangazia. Alikuja kupitia jirani. Mke wangu alikuwa bado kazini, nikampokea mimi, nikamkalisha sebuleni, nikamuuliza alikotoka, kama anajua kupika, kama anapenda watoto. Halafu nikamuuliza, "Sasa unataka tukulipe ngapi?" Akatazama chini, akasema sabini. Nikamtazama mke wangu, alikuwa ndio anaingia mlangoni. Tulikuwa tumetenga laki moja.

Alipoona tunatazamana akasema, "Au hata sitini, kaka."

Tunamlipa sabini. Mwezi wa tisa huu.

Mama Wawili:

Haya. Mlipe elfu thelathini zake mara miezi tisa, ndiyo 270,000, halafu urudi tuendelee na sheria.

Boda wa Kituo:

Laki mbili na sabini ndiyo palepale kodi ya mshahara inapoanzia. Mkuu wa dawati usimkate tu.