Mapambo ya Halloween kwa vitu vilivyotumika: maboksi, madumu, makopo au maganda ya mabuyu? (Dodoma)

Binti Makole
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mpambaji hapa Dodoma, zaidi sendofu na kipaimara. Safari hii nimepata mteja wa Area D, familia kutoka Marekani, wanataka bustani yao ipambwe kwa Halloween, sikukuu yao ya mapambo ya kutisha, jioni ya tarehe 31 Oktoba. Watoto watakuwa wengi, wa kwao na wa majirani. Sharti lao ni moja: hakuna kununua pambo jipya la plastiki, kila kitu kitokane na vilivyokwisha kutumika. Nimelipenda sharti hilo kwa moyo wote, maana kila sherehe ikiisha huwa naumia kuona mapambo yakizolewa kwenda dampo.

Nilivyonavyo ni maboksi, trei za mayai, magazeti, chupa za maji, madumu ya njano ya mafuta ya kula yaliyopasuka, na makopo ya maziwa. Wao wanataka sura za maboga zinazowaka, popo, buibui na utando wake, na mizuka kidogo. Maboga yenyewe Oktoba ni ya kutafuta kwa tochi, na kuchonga chakula ili kitupwe katikati ya kiangazi roho yangu haitaki. Kipi kinahimili nje hapa kwetu?

Fundi Nkuhungu
Boksi kwa ndani, dada. Nje usijaribu. Upepo wa Dodoma mwezi huo unaujua: boksi lililosimama linageuka tanga. Halafu ukiliacha limekaa chini usiku mmoja au miwili tu, mchwa wamelifikia kwa upande wa chini na huwaoni mpaka ulinyanyue. Ukilazimika, liinue juu ya tofali na ulijaze mchanga chini.

Ila kwa kukata maumbo boksi halina mpinzani. Mawe ya makaburi, uzio, mlango wa nyumba ya kutisha, vyote hivyo bandika ukutani kwenye baraza.

Mwalimu wa Chekechea
Shikamooni wakubwa. Kwa sura za maboga mimi nasimama na gazeti na uji wa ngano. Unapuliza puto, unalizungushia uzi mnene kutoka juu hadi chini mara kadhaa ukikaza kidogo ili litokeze yale mabonde ya boga, kisha unabandika vipande vya gazeti tabaka kwa tabaka. Tabaka tatu mpaka nne zinatosha. Usibandike la pili kabla la kwanza halijakauka, la sivyo ndani linaota ukungu.

Na hapa ndipo Dodoma inatubeba. Pwani kazi hii inakusumbua kwa unyevu, karatasi inabaki baridi siku nzima. Kwetu Oktoba hewa ni kavu, ukianika kivulini asubuhi, jioni unaongeza tabaka. Weka kivulini kweli, maana jua kali linapasha puto moto linapasuka kazi ikiwa bado mbichi.

Uji upike na chumvi kidogo, usiote ukungu upesi. Trei za mayai zilowekwe, zipondwe, zichanganywe na uji huohuo: zinafaa kwa kikonyo cha boga, pua, nyusi, chochote kinachotakiwa kuvimba.

Binti Makole
Marahaba mwalimu, na asante. Rangi je? Ya chungwa dukani ni ghali kwa eneo kubwa hivyo.

Mwalimu wa Chekechea
Chukua mabaki ya rangi ya maji nyeupe kwa wapaka nyumba, uchanganye na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa. Unapata rangi ya boga lililoiva sana, inayoelekea kahawia. Ukitaka ing'ae zaidi ongeza bizari, ila bizari inapauka juani upesi, kwa hiyo paka siku ya mwisho. Nyeusi ni mkaa uliosagwa laini na gundi nyeupe ya mbao. Tafadhali msichukue ule unga mweusi wa betri kuukuu tuliokuwa tukipakia ubao shuleni. Hizi ni kazi zitakazoshikwa na watoto.

Kijana wa Ipagala
Mnalipita dumu la njano bila kuliona. Rangi tayari anayo! Chora macho na mdomo kwa rangi nyeusi, weka taa ya betri ndani, usiku dumu zima linawaka njano. Hakuna kubandika, hakuna kukausha, mvua ikija haliharibiki. Ukitia mchanga chini, upepo haulisogezi.

Fundi Nkuhungu
Kweli, dumu ni rahisi kuliko vyote hapa. Nyongeza: kata kwa kisu kikali, usikate kwa kisu cha moto, moshi wake ni mbaya kifuani. Na rangi ya maji haishiki kwenye plastiki mpaka uikwaruze kwa msasa kwanza.

Mama wa Kizota
Madumu yawe yaliyopasuka kweli, wanangu. Dumu zima mji huu ni maji ya nyumba.

Chupa za maji mimi singezipaka rangi ya mafuta. Wanaonunua chupa kwa kilo mtaani kwangu wanazikataa zikishapakwa, kwa hiyo umeipamba bustani halafu umetengeneza taka isiyo na mnunuzi. Afadhali zikatwe maua au mikono ya buibui bila rangi, baada ya sherehe zinauzwa.

Mzee Zeze
Mmeanza na vya dukani, mmeruka vya kwetu. Dodoma ni nchi ya mibuyu. Wanaotengeneza ubuyu wanaponda mabuyu, wanachukua unga na mbegu, ganda wanatupa au wanachochea moto. Ganda lile ni gumu kama ubao na lina kikonyo chake cha kuning'inizia. Waombe wakukatie kichwa kwa msumeno badala ya kuponda. Toa nyuzinyuzi za ndani, sugua manyoya ya nje kwa msasa huku umefunga kitambaa puani, toboa macho kwa drili, malizia mdomo kwa kisu chembamba. Pakaa mafuta ya kula kidogo, linang'aa. Tundika kwenye mti.

Na hilo halitokani na kubahatisha. Halloween ilianzia kwa watu wa Ireland na Uskoti, nao hawakuwa na boga. Walichonga mizizi mikubwa ya jamii ya tanipu. Waliohamia Marekani ndio waliokuta boga huko, kubwa na laini kuchonga, wakalishika. Kila nchi ilichonga kilichokuwa shambani. Basi nasi tunacho chetu, na wageni watafurahi kuona kitu ambacho kwao hakipo.

Kijana wa Ipagala
Mzee, nimekubali. Dumu langu liwe pembeni ya njia, mabuyu yawe juu ya mti.

Mfuatiliaji
Lakini hizi si sherehe za mashetani? Kwa nini tuwasaidie?

Mama wa Kizota
Mwanangu, jina lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo sisi Wakatoliki tunaiadhimisha tarehe 1 Novemba. Kuna mila za kale zilizoingia humo, ni kweli, na asiyetaka asihudhurie. Dada hapa anafanya kazi yake halali kwa watu walioomba mapambo ya watoto.

Hata hivyo nina la kukuomba, Binti Makole. Bundi usimweke getini. Kwao ni pambo, kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali. Jirani mwenye mgonjwa ndani akiona lile umbo asubuhi, umemuumiza. Bundi na makaburi yawe nyuma ya nyumba, mbele weka sura zinazocheka. Na kukiwa na msiba mtaani, zungumza na mteja mapema.

Binti Makole
Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo, mama. Nitalizungumza nao kesho.

Popo na utando bado. Nilidhani nitumie mifuko myeusi, lakini ile ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na siitaki.

Fundi Nkuhungu
Tyubu kuukuu za baiskeli na bodaboda. Nenda kwa mafundi wa pancha, zile zenye viraka mpaka hazina nafasi watakupa bure. Osha, pasua kwa urefu, kata popo kwa mkasi. Nyeusi yenyewe, haipauki, na upepo ukipiga mabawa yanatikisika. Upepo uliokuwa adui wa boksi unakuwa rafiki wa popo.

Mwalimu wa Chekechea
Utando: chambua sufi ya mito mikuukuu, au fumua sweta. Vyandarua vilivyochakaa vinavutia macho lakini vina dawa, usivitundike watoto wanapofikia wala juu ya meza ya chakula.

Mzee Zeze
Sufi inashika moto upesi sana. Ikitumika, mshumaa usiwepo popote. Nyasi za Oktoba zimekauka, na ukitupa cheche moja kwenye upepo ule, mtaa mzima unatoka na ndoo.

Kijana wa Ipagala
Makopo basi kama anataka mwanga wa kutoboka: jaza mchanga uliolowa ushindilie, ndipo utoboe sura kwa msumari na nyundo, kopo halibonyei. Ndani weka taa ndogo ya betri. Geuza kingo zote ndani, zinakata vidole.

Binti Makole
Nimeamua hivi. Mabuyu ndiyo mapambo makuu juu ya miti, madumu kando ya njia, maboga ya karatasi mezani barazani ambako upepo haufiki, popo wa tyubu kwenye waya wa nguo. Utando wa sweta, sufi naiacha. Maboksi ukutani tu. Taa zote za betri. Swali la mwisho kwa Mzee: maganda nianze kuyatafuta lini?

Mzee Zeze
Leo. Wanaoponda hawatakusubiri, ukichelewa yote yameshaingia jikoni. Peleka msumeno wako mwenyewe, na uwalipe kidogo kwa muda unaowapotezea.