Visiti ya Dubai imeisha, nina siku 20 za ovastei (kupitiliza siku za visa) na ejenti hapokei simu, naombeni ushauri

MamaK_wa_Mwanza · 25 Septemba, saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka na matusi myaweke kesho maana leo nimelia vya kutosha.

Niko Dubai, nilikuja tarehe 5 mwezi wa saba kwa visa ya visiti ya siku 60, lengo lilikuwa nifunge mzigo wangu wa viatu na mikoba pale Deira nikae kama wiki tatu nirudi. Mzigo ulishaenda kwa kago zamani na umeshafika na mdogo wangu anauza. Mimi ndio nimebaki. Binamu yangu ninayekaa kwake alijifungua kwa operesheni mwezi wa nane, mume wake anafanya shifti za usiku, nikasema siwezi kumuacha na kichanga na mshono, nikahamisha tiketi. Nikampigia ejenti aliyenitolea visa akasema hakuna shida tunaongeza siku 30, lete hela na picha ya paspoti, nikatuma siku hiyo hiyo tarehe 4 mwezi wa tisa, yaani siku moja kabla visa haijaisha. Kila nikiuliza anajibu "iko kwenye prosesi dada relaksi". Nimerelaksi mpaka wiki iliyopita simu ikaanza kuita bila kupokelewa, wasapu tiki moja, na leo shemeji kaniambia hivi wewe una karatasi ya kuongezewa? Sina. Nina meseji za relaksi tu.

Kwa hesabu yangu nina siku 20 za ovastei. Maswali yangu: faini ni shilingi ngapi kwa siku, nalipia wapi, nikienda eapoti nakamatwa? Na kuna dada wa saluni jirani hapa ananiambia nikae nimsaidie kusuka mwezi mmoja nipate hela ya faini, mnaonaje?

Ejenti simtaji, nataka kwanza nifike nyumbani.

Mzee_wa_Naif · 25 Septemba, saa 3:40 usiku

Pole sana dada. Kwanza tulia, kwa kukaa siku hizo hutafungwa, ila leo ndio usiku wa mwisho wa kulala bila kufanya kitu.

Halafu hesabu zako zina tatizo, na hili kosa naliona kila mwezi hapa mjini. Siku 60 sio miezi miwili dada yangu. Siku uliyoingia nayo ni siku. Julai kuanzia tarehe 5 mpaka 31 ni siku 27, ongeza Agosti 31 inakuwa 58, zinabaki mbili, visa yako imekufa tarehe 2 Septemba na sio tarehe 5. Kwa hiyo ile tarehe 4 unayosema ulituma hela siku moja kabla, ulikuwa tayari una siku mbili za faini na huyo ejenti kama ni ejenti kweli alijua. Leo tarehe 25 una siku 23.

Faini ni dirham 50 kwa siku, mtalii au mwenye residensi wote 50 siku hizi, zamani viwango vilikuwa tofauti. 23 mara 50 ni dirham 1,150, hiyo kwa hela ya kwetu inacheza kwenye laki nane. Juu yake kuna ada ya kibali cha kutokea na vijisenti vya huduma. Na usisikilize mtu anayekwambia kuna siku 10 za bure baada ya visa kuisha, hizo zilikuwepo, wakazitoa 2023, ila watu bado wanapeana hiyo stori kwenye bedispesi (vitanda vya kupanga) kama vile sheria haibadiliki.

Sasa cha kufanya. Fungua karatasi ya visa yako ile PDF, angalia namba ya faili inaanza na ngapi. Ikianza na 201 visa imetolewa Dubai, utaangalia kwenye tovuti ya uhamiaji wa Dubai, GDRFA. Ikianza na 101 ni Abu Dhabi, 301 ni Sharjah, hizo zinaangaliwa kwenye ICP ya serikali kuu. Watu wengi wanakaa Deira wanadhani visa yao ni ya Dubai kumbe ejenti kaitolea kwingine, wanapanga foleni nusu siku kwenye ofisi isiyowahusu. Angalia mambo mawili: tarehe ya mwisho, na kama hujapigwa abskondi, yaani kuripotiwa kwamba umetoroka. Ukishajua hayo njoo hapa tuongee.

Saluni nitakujibu baadaye, mke wangu anaita.

kijana_wa_msoga · 25 Septemba, saa 4 usiku

Mama usilipe hata senti. Kaa kimya ndani, lea mtoto wa binamu, subiri msamaha. 2018 walitoa, 2020 ya korona wakatoa, 2024 wakatoa. Waarabu wana huruma 😂

Pwani_Likoni · 25 Septemba, saa 4:25 usiku

@kijana_wa_msoga wewe uko Msoga kwenye sofa unamwambia mtu ajifiche Deira. Hebu nikuhadithie maana mimi huo msamaha wa 2024 nimeupata kwa macho yangu.

Dadangu, mimi nilikaa bila karatasi miezi saba Sharjah. Nilikuja kwa visiti nikitafuta kazi, kazi haikuja, visa ikaisha, nikasema ntalipa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwezi. Unajua maisha ya kutokuwa na karatasi? Ukiona gari ya polisi unajifanya wafunga kamba ya kiatu. Huendi hospitali. Mwenye nyumba akijua huna visa anakupandishia bedispesi na huna pa kwenda kusema. Wenzangu walikuwa wanatumwa dukani mimi nasema naumwa mguu, miezi saba naumwa mguu.

Msamaha ukaanza tarehe 1 Septemba 2024, miezi miwili, wakasongeza mbele hadi mwisho wa Disemba. Ilikuwa ukitaka kuondoka unafutiwa faini yote, unapewa kibali cha kutoka cha siku 14, na hukufungiwa kurudi. Nikaondoka kwa heshima, alhamdulillahi. Lakini piga hesabu ya kijana wa sofa: kati ya msamaha wa 2018 na huu wa 2024 ukitoa ile ya korona ni miaka sita. Mwaka mmoja tu wa dirham 50 kila siku ni 18,250. Na hakuna mtu alojua kama utakuja, tuliamka tu siku moja tukaona kwenye simu. Ungekuja mwaka wa pili je?

Kitu chengine skiza, abskondi aloitaja mzee hapo juu. Ejenti akiombea mtu visa na yule mtu asitoke, yeye ejenti anaumia, mfumo wake unaweza kufungwa asiweze kuombea wateja wengine. Kwa hivyo wengine wakiona umepitiliza wanakuripoti kwamba umetoroka ili wao wajiokoe. Hapo sio faini ya kawaida tena, ukifika eapoti jina linawaka na waeza kufungiwa kuingia tena. Huyo wako kunyamaza ghafla ndio kunanitia wasiwasi. Angalia leo leo.

MamaK_wa_Mwanza · 26 Septemba, saa 5 asubuhi

Jamani asanteni. Namba ya faili inaanza na 301. Kumbe ni ya Sharjah na mimi leo asubuhi shemeji alikuwa ameshawasha gari anipeleke Al Awir, ofisi ya uhamiaji wa Dubai 😭

Nimeingia kwenye ICP na shemeji, tarehe ya mwisho imeandikwa 2 Septemba kama alivyosema mzee. Faini ipo inahesabika. Ya kuongeza siku hakuna hata ombi moja lililotumwa, yaani hela yangu aliila na mchuzi wake. Abskondi haijaonekana, status ni kwamba imeisha tu.

Nimepata wazo lingine, kuna mtu anasema nipande basi mpaka mpaka wa Oman pale Hatta nigonge mhuri nitoke nirudi, visa inaanza upya. Inawezekana?

Mzee_wa_Naif · 26 Septemba, saa 6:15 mchana

Hapana. Kutoka ni kutoka, ukipita Hatta, ukipita eapoti, ukipita kwa boti, kompyuta ni moja na faini unailipa hapo hapo kabla hawajagonga mhuri. Halafu kuingia Oman nako kunataka visa yake, na kurudi huku kunataka visa mpya ilishatolewa. Hiyo safari ya kubadilisha visa wanafanya watu ambao siku zao bado zipo. Wewe ungeachwa katikati ya milima na begi.

Umeponea chupuchupu kwenye abskondi, usimpe nafasi. Kata tiketi ya karibuni kabisa, lipa faini onlaini kabla kupitia ICP kama kadi ya shemeji inakubali, printi risiti, usitegemee simu maana chaji inaisha ukiwa kaunta, wallahi nimeona. Hesabu faini mpaka siku ya ndege na sio mpaka siku unayolipa. Hata kama umelipa, fika eapoti masaa matano kabla, kwa sababu kaunta ya faini na kaunta ya mizigo ni foleni mbili na mtu wa shirika la ndege hatakusubiri.

Saluni sasa. Dada, kufanya kazi kwa visiti ni kosa lingine kabisa, sio lile la ovastei. Na kwa huyo mwenye saluni ndio balaa, tangu 2024 faini ya kumfanyisha mtu kazi bila kibali inaanzia dirham laki moja na inafika milioni. Kama anajua hilo na bado anakuita, ujue siku ya mshahara utaambiwa nenda kashitaki. Kama hajui, mwambie, umsaidie na yeye.

Chuga_Boy · 26 Septemba, saa 8 mchana

Mimi niliovastei Bangkok siku 6, nilikwenda na biashara ya mawe, nikachanganya tarehe vile vile. Kule ni baht 500 kwa siku, nikalipa 3,000 kaunta ya eapoti, wakanigongea mhuri wa ovastei kwenye paspoti, nikapanda ndege. Kule wana kikomo, faini haivuki baht 20,000 hata ukae mwaka. Ila ukipitisha siku 90 wanakufungia kuingia mwaka mzima hata kama umejipeleka mwenyewe, na ukikamatwa mtaani hata kwa siku chache ni miaka mitano. Dubai hakuna kikomo, mita inatembea kama teksi. Mama K ondoka.

binti_sahare · 26 Septemba, saa 9 mchana

Swali la kizembe, hivi hela ya ejenti hairudi? Una meseji na una ushahidi wa kutuma.

MamaK_wa_Mwanza · 26 Septemba, saa 12 jioni

@binti_sahare nimezipiga skrinshoti zote, na risiti ya kutuma pesa ipo. Ofisi yake ina tawi Dar, nitakwenda kukaa kwenye kiti chao mpaka wafunge. Tiketi nimekata ya tarehe 29.

Pwani_Likoni · 26 Septemba, saa 12:20 jioni

Basi hesabu faini hadi 29. Siku 27, dirham 1,350. Usilipe ya leo halafu ukadaiwa 150 mlangoni huna hata chenji.

MamaK_wa_Mwanza · 30 Septemba, saa 4 asubuhi

Nimefika. Niko Dar kwa dada, kesho napanda kwenda Mwanza.

Ilivyokuwa: kadi ya shemeji iligoma onlaini mara tatu, ikabidi nilipie eapoti. Nilifika masaa matano kabla kama nilivyoambiwa na sikujuta, nilirushwa kaunta mbili kabla ya kupata yenyewe. Yule kijana wa uhamiaji aliangalia paspoti akauliza kwa nini umepitiliza, nikaanza kueleza habari za binamu na mshono na ejenti, akanyanyua mkono tu akasema "fine, pay". Mimi moyo unadunda nasubiri pingu, yeye anakunywa chai. Nililipa 1,350 na ada zao, wakanipa karatasi, nikapita. Hakuna aliyenifokea. Nimefika kwenye ndege nikalala mpaka Dar sijui hata chakula walitoa lini.

Kilichoniuma ni kwamba 1,350 ni viatu pea ngapi jumla pale Deira, nisiseme. Na shemeji ndiye aliyenikopesha, kwa hiyo mtoto wa binamu ataletewa zawadi kwa awamu.

Ejenti naenda leo saa nane. Nimevaa raba.

nuru_ya_kigoma · 30 Septemba, saa 5:10 asubuhi

Hongera Mama K. Samahani nadandia uzi. Na mimi niko hapa Satwa kwa visiti ya siku 60, niliingia tarehe 3 Agosti, kwa hiyo inaisha tarehe 3 Oktoba si ndio? Tiketi yangu ni ya tarehe 3 usiku.

Mzee_wa_Naif · 30 Septemba, saa 5:14 asubuhi

Agosti kuanzia tarehe 3 ni siku 29. Septemba 30. Hizo 59. Visa yako inaisha kesho mdogo wangu, ondoka kwenye simu piga shirika la ndege sasa hivi.