Ukinzani na nguvu ya pasi ya umeme

Swali, kutoka Jinja:
Ndugu wajuzi, pasi yangu hupitisha mkondo wa ampea 5 kwenye umeme wa volti 240. Nitapataje ukinzani na nguvu yake, na kwa nini jioni, volti zinaposhuka hadi 200, huchelewa kupata moto?

Jibu la kwanza:
Gawanya 240 kwa 5, upate ukinzani wa omu 48. Ukizidisha 240 kwa 5, unapata nguvu ya wati 1,200. Volti zikiwa 200, ukinzani hubaki karibu uleule, hivyo mkondo hupungua hadi ampea 4.17 na nguvu hadi wati 833. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita tu, lakini nguvu imepotea kwa karibu theluthi, kwa sababu volti na mkondo hushuka pamoja.

Jibu la pili:
Nakubaliana na mwenzangu, ila hesabu hiyo usiipeleke kwenye balbu ya uzi, ambayo ukinzani wake ikiwa baridi ni mdogo sana kuliko inapowaka.

Muulizaji:
Ahsanteni. Basi saa nzima kwa volti 240 itakula uniti (kilowati-saa) 1.2 za Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla?

Jibu la kwanza:
Naam, kama pasi isingejizima yenyewe kila inapofikia joto lake. Kwa kawaida hula pungufu.